Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: kimo cha ndege na mahali pa kuanza kushuka

Wengi wanaojifunza kuendesha ndege za abiria kwenye kompyuta hufaulu kuruka na hufaulu kusafiri, lakini hufika uwanjani wakiwa juu mno na wakienda kasi mno. Makala haya yanaeleza hesabu mbili zinazomwepusha rubani na fedheha hiyo, na kwa nini hesabu hizo zina uzito mkubwa pia kwa ndege halisi, kuanzia Minnesota nchini Marekani hadi Nairobi.

Jioni ya tarehe 21 Oktoba mwaka 2009, ndege aina ya Airbus A320 ya shirika la Northwest ilikuwa njiani kutoka San Diego, katika pwani ya magharibi ya Marekani, kwenda Minneapolis katika jimbo la Minnesota. Ndani yake walikuwamo abiria 144, marubani wawili na wahudumu watatu, na ilikuwa ikisafiri kwa utulivu katika kimo cha futi 37,000. Ilipofika mahali ilipopaswa kuanza kushuka, haikushuka. Iliupita mji wa Minneapolis ikiwa katika kimo kilekile, ikaendelea kwa zaidi ya kilomita 150 hadi katika anga ya jimbo jirani la Wisconsin, na hapo ndipo ilipogeuzwa na kurudi. Ilitua salama na hakuna aliyejeruhiwa.

Jinsi mkasa huo ulivyotokea kutaelezwa baadaye. Kwanza, msikilizaji, ni vyema kujua mahali pa kuanza kushuka ni wapi, na rubani hupajuaje.

Magharibi mwa Minneapolis, katika wilaya ya Hennepin, upo mji wa Plymouth wenye wakazi wapatao 81,000 kwa mujibu wa hesabu ya watu ya mwaka 2020. Kampuni ya Honeywell, ambayo vifaa vyake vimo katika ndege nyingi za abiria, imekuwa kwa miaka mingi na kiwanda cha vipande vya elektroniki mjini humo. Plymouth iko umbali wa kama kilomita 22 kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Minneapolis–Saint Paul, kwa upande wa kaskazini-magharibi, na iko karibu kabisa na mstari unaofuatwa na ndege zinazotua zikielekea kusini-mashariki. Jimbo la Minnesota lina jumuiya ya Wasomali iliyo kubwa kuliko zote nchini Marekani, na wamo pia Wakenya na watu wengine wa Afrika ya Mashariki. Majira ya baridi ya huko ni marefu na maziwa huganda, na burudani ya kukaa mbele ya kompyuta na kuendesha ndege ya kuigiza inafaa sana kwa msimu kama huo.

Burudani hiyo si ngeni. Programu ya Microsoft Flight Simulator ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na mshindani wake, X-Plane, ilianza mwaka 1995. Tangu mwaka 2001 upo pia mtandao wa VATSIM, ambamo watu wa kujitolea huigiza kazi ya waongozaji wa ndege, wakawasemesha kwa sauti marubani walioketi majumbani mwao kila pembe ya dunia. Ndege zinazoigizwa siku hizi zina karibu kila kitufe kilichomo katika ndege halisi. Basi mtu anaweza kuketi Plymouth na kuirusha Boeing 737 kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Lakini kabla ya kuondoka, ni lazima ajibu swali moja: atasafiri katika kimo gani?

Kwa nini ndege hupanda juu

Kadiri mtu anavyopanda angani ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyembamba. Hewa nyembamba huipinga ndege kidogo zaidi, na kwa hiyo injini za jeti huipeleka mbali zaidi kwa kila lita ya mafuta. Hiyo ndiyo sababu ndege za abiria husafiri kati ya futi 30,000 na 41,000, yaani takriban kilomita 9 hadi 12 na nusu kutoka usawa wa bahari.

Hata hivyo, si kweli kwamba juu zaidi daima ni bora zaidi. Mabawa nayo huhitaji hewa ili kuubeba uzito wa ndege. Ndege nzito ikilazimishwa kupanda juu mno, hujikuta katika hali ya hatari: ikipunguza mwendo kidogo mabawa hushindwa kuibeba, na ikiongeza mwendo kidogo huvuka kasi inayoruhusiwa. Nafasi iliyobaki kati ya mipaka hiyo miwili huwa finyu, na upepo wa ghafla unaweza kuivusha ndege upande mmoja au mwingine. Kwa hiyo, kwa kila uzito kipo kimo kinachofaa, na kompyuta ya ndege huonyesha pia kimo ambacho haifai kukivuka.

Uzito nao haubaki uleule. Ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 inayoondoka Nairobi kwenda New York, safari iliyozinduliwa mwezi Oktoba mwaka 2018 na inayochukua kama saa 15, huondoka imejaa mafuta. Haiwezi kupanda moja kwa moja hadi kimo chake cha mwisho. Huanza chini kidogo, na kila mafuta yanapopungua na ndege kuwa nyepesi, rubani huomba ruhusa ya kupanda hatua nyingine. Mwigizaji anayeweka futi 40,000 tangu mwanzo wa safari ndefu kama hiyo ataiona ndege yake ikipanda kwa shida, ikipungua mwendo, na hatimaye ikishindwa.

Jambo la tatu ni upepo. Juu ya Marekani, hasa wakati wa baridi, huvuma kutoka magharibi mkondo wa upepo wenye nguvu nyingi. Anayetoka San Diego kwenda Minneapolis hupenda kuupata mkondo huo nyuma yake, hata kama kimo chenyewe si kile kinachofaa zaidi kwa uzito wake. Anayerudi, ambaye mkondo huo kwake ni upepo wa mbisho, kama wanavyousema mabaharia wa pwani, huenda akaona ni heri asafiri chini kidogo na kuukwepa.

Jambo la nne ni urefu wa safari. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 420 tu. Ndege inayopanda hadi futi 38,000 katika safari hiyo itakuwa imemaliza kupanda karibu na pale inapotakiwa kuanza kushuka, na mafuta yaliyotumika kupandia hayatarudishwa na chochote. Kimo cha futi 26,000 au 28,000 kina maana zaidi. Na kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, safari ya takriban kilomita 70, ndege ndogo hutosheka na futi elfu chache.

Witiri na shufwa

Rubani akishapata kimo kinachomfaa kwa uzito, upepo na umbali, bado hana uhuru wa kuchukua namba yoyote aitakayo. Angani hakuna alama za barabarani, na ndege mbili zinazokutana uso kwa uso hukaribiana kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 25 kwa dakika. Kwa hiyo ipo kanuni inayotumika karibu dunia nzima: ndege zinazoelekea upande wa mashariki, kuanzia kaskazini kamili hadi kufikia kusini, hutumia maelfu ya futi yaliyo witiri, kama vile 33,000, 35,000 na 37,000. Zinazoelekea upande wa magharibi hutumia yaliyo shufwa, kama vile 34,000, 36,000 na 38,000.

Ndiyo maana ile ndege ya San Diego, iliyokuwa ikienda kaskazini-mashariki, ilikuwa katika futi 37,000. Safari ya Dar es Salaam kwenda Nairobi huelekea kaskazini na magharibi kidogo, kwa hiyo namba yake ni shufwa. Kurudi ni witiri.

Kanuni hii haikuwa hivi siku zote. Zamani, juu ya futi 29,000, ndege zilitenganishwa kwa futi 2,000, kwa kuwa vipimo vya kimo vya wakati huo havikuaminika vya kutosha katika hewa nyembamba. Vipimo vilipoboreshwa, nafasi hiyo ilipunguzwa hadi futi 1,000 kwa ndege zilizoidhinishwa zinazosafiri kati ya futi 29,000 na 41,000. Marekani ilianza utaratibu huo tarehe 20 Januari mwaka 2005, na bara la Afrika likafuata mwezi Septemba mwaka 2008. Anayesoma vitabu vya zamani vya urubani wa kuigiza atakuta namba za kale. Haifai kuzitumia leo.

Kanuni ya tatu

Waswahili husema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwa ndege msemo huo una ukweli wa kifizikia. Ndege iliyo juu na inayokwenda kasi ina akiba mbili za nguvu, yaani kimo na mwendo. Ili itue, akiba zote mbili hazina budi kutumika. Tatizo ni kwamba ndege ya kisasa imeundwa ili iteleze hewani kwa wepesi. Ikiinamishwa ili ishuke haraka, mwendo huongezeka. Ikiinuliwa pua ili mwendo upungue, haishuki. Ni vigumu sana kufanya yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana ndege iliyochelewa kuanza kushuka huwa katika matatizo kabla hata rubani hajayaona. Nahodha wa jahazi hangoji kugusa gati ndipo ateremshe tanga.

Marubani hupima umbali kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, na maili zote zinazotajwa kuanzia hapa ni hizo. Mteremko uliozoeleka ni wa nyuzi 3, ambao huishusha ndege takriban futi 300 katika kila maili. Kutokana na hapo hupatikana kanuni rahisi inayoitwa kanuni ya tatu: chukua kimo unachotaka kupoteza, kihesabu kwa maelfu ya futi, kisha zidisha kwa 3. Jibu ni idadi ya maili zinazohitajika.

Tuchukue safari ya Minneapolis. Kimo ni futi 37,000. Uwanja wa Minneapolis–Saint Paul uko futi 841 juu ya usawa wa bahari. Kimo cha kupoteza ni kama futi 36,000. Mara 3 ni maili 108. Lakini ndege inayoshuka haina budi pia kupunguza mwendo. Nchini Marekani, chini ya futi 10,000 hairuhusiwi kuzidi mwendo wa maili 250 kwa saa kwenye kipimo cha ndege, na wakati wa kutua huhitaji kuwa karibu na 140. Kwa ajili ya kupunguza mwendo huongezwa takriban maili 10. Jumla ni maili 118, yaani kilomita zipatazo 220 kabla ya uwanja.

Kisha huangaliwa upepo. Upepo wa nyuma huisukuma ndege mbele wakati inashuka, kwa hiyo ni lazima kuanza mapema zaidi. Kadirio linalotumiwa na wengi ni kuongeza maili 2 kwa kila maili 10 kwa saa za upepo wa nyuma. Upepo wa nyuma wa 50, jambo la kawaida kwa anayeingia Minnesota kutoka magharibi, huongeza maili 10, na mahali pa kuanza kushuka huwa maili 128. Upepo wa mbisho hupunguza kwa kiasi hichohicho.

Ipo pia hesabu ya kasi ya kushuka. Chukua mwendo wa ndege juu ya ardhi na uzidishe kwa 5. Mwendo wa 450 hudai kushuka takriban futi 2,250 kwa dakika. Mwendo wa 300 hudai futi 1,500, na mwendo wa 140, karibu na njia ya kutua, hudai futi 700. Hapo rubani huona jambo ambalo wanaoanza hulisahau: mteremko ni uleule, lakini kasi ya kushuka hupungua kadiri mwendo unavyopungua.

Je, kuchelewa kidogo kuna ubaya gani? Kwa mwendo wa 450, ndege hupita maili saba na nusu kwa dakika. Mwigizaji aliyekwenda jikoni kuchukua chai akachelewa kwa dakika nne amepoteza maili 30. Badala ya maili 108 za kushukia, amebakiwa na 78. Sasa anahitaji kushuka zaidi ya futi 460 katika kila maili badala ya 300. Atalazimika kuinua vibao vilivyo juu ya mabawa ili kuizuia ndege isikimbie, na huenda hata hivyo akaufikia uwanja akiwa juu. Katika hali hiyo uamuzi sahihi si kulazimisha kutua, bali ni kuomba nafasi ya kuzunguka na kujipanga upya.

Kuanza mapema mno nako kuna gharama yake. Katika mteremko mzuri injini hupunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa na ndege huteleza yenyewe. Aliyeshuka mapema hulazimika kwenda sambamba karibu na ardhi, katika hewa nzito, huku injini zikiongezwa nguvu. Mafuta huteketea na wakazi walio chini husikia kelele.

Kilimanjaro kama alama ya njiani

Safari ya Dar es Salaam hadi Nairobi, ya maili zipatazo 360, ni somo zuri kwa sababu ina jambo ambalo Minneapolis haina: uwanja wenyewe uko juu sana. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Dar es Salaam hauzidi futi 200.

Tuseme mwigizaji amechagua futi 36,000, ambazo ni shufwa kama kanuni inavyotaka. Akiondoa mwinuko wa Nairobi, kimo cha kupoteza ni kama futi 31,000. Mara 3 ni maili 93. Akiongeza 10 za kupunguza mwendo hupata 103. Sasa atazame ramani. Kilele cha Kibo kiko karibu maili 108 kutoka uwanja wa Nairobi, na njia ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hupita upande wa mashariki wa mlima huo. Kwa maneno mengine, katika hali ya hewa tulivu, ndege huanza kushuka mara tu baada ya Kilimanjaro kupita dirisha la kushoto. Abiria wanaoupiga picha mlima huo huenda wakasikia mlio wa injini ukififia muda mfupi baadaye.

Lakini aliyesahau mwinuko wa Nairobi atafanya hesabu kana kwamba uwanja uko baharini. Atazidisha 36 kwa 3, na mteremko wake utaelekea usawa wa bahari pale uwanja ulipo. Gawanya 5,330 kwa 300 na jibu ni karibu 18. Mteremko huo utaigusa ardhi ya nyanda za Athi takriban maili 18 kabla ya njia ya kutua. Kwenye kompyuta huo ni mchezo ulioharibika, na kinachohitajika ni kuanza tena.

Mwaka wa 1974

Katika anga halisi hakuna kuanza tena, na Nairobi ina ushahidi wake. Tarehe 3 Septemba mwaka 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikiukaribia uwanja wa Embakasi, ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta. Waongozaji waliiruhusu kushuka hadi futi 7,500. Kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa na Waingereza, marubani walielewa kuwa wameruhusiwa kushuka hadi futi 5,000, wakaiweka namba hiyo katika mtambo wa ndege, nao mtambo ukatii. Futi 5,000 ni chini ya uwanja wenyewe kwa zaidi ya futi 300. Ndege ilifika chini ya futi 100 juu ya ardhi, ikiwa bado maili kadhaa kutoka kwenye njia ya kutua, kabla ya kuinuliwa na kuokoka.

Kosa la aina hiyo halikuwa la Nairobi peke yake. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, ndege ya shirika la TWA iliyokuwa ikienda kutua karibu na Washington ilishuka mapema mno na kugonga mlima, na watu wote 92 waliokuwamo walikufa. Kabla ya mwezi huo kwisha, mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru ndege kubwa za abiria zifungwe chombo kinachomwonya rubani kwa sauti pale ardhi inapokaribia. Chombo hicho kimeokoa wengi. Hata hivyo, onyo hilo huja mwishoni. Mtu mwenye hesabu kichwani angelijiuliza mapema zaidi: inakuwaje niruhusiwe kushuka hadi futi 5,000, wakati uwanja uko futi 5,330?

Kompyuta haishuki yenyewe

Msikilizaji anaweza kuuliza: je, kompyuta za ndege hazifanyi hesabu hizi zote? Hufanya, tena kwa usahihi mkubwa. Zinaujua uzito, upepo na mwinuko wa uwanja, na huchora kwenye kioo alama ndogo inayoonyesha mahali pa kuanza kushuka. Lakini zimeundwa kwa makusudi ili zisishuke bila idhini. Rubani hana budi kuzungusha kitufe na kuweka kimo kipya cha chini, baada ya kuruhusiwa na waongozaji. Asipofanya hivyo, ndege huipita ile alama na kuendelea mbele katika kimo kilekile. Hili ndilo kosa linalowapata wengi wanaoanza urubani wa kuigiza: hukaa wakingoja ndege ishuke yenyewe, nayo haishuki.

Na hilo ndilo lililotokea tarehe 21 Oktoba mwaka 2009. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba marubani wa Northwest walikuwa wamefungua kompyuta zao za mkononi na kuzama katika mazungumzo kuhusu utaratibu mpya wa kupanga zamu za wafanyakazi, ulioletwa baada ya shirika lao kuungana na Delta mwaka uliotangulia. Kwa takriban saa moja na dakika 17 hawakuwa na mawasiliano na waongozaji. Ndege za kivita ziliwekwa tayari ardhini, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ile ndege ilikuwa imetekwa nyara. Kilichowazindua ni mhudumu aliyepiga simu kutoka nyuma kuuliza watatua saa ngapi.

Siku chache baadaye mamlaka ya anga iliwanyang'anya marubani hao leseni zao. Mwaka 2012 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayowakataza marubani wa mashirika ya ndege kutumia vifaa kama hivyo kwa shughuli binafsi wakiwa kazini, na kanuni kamili ikatolewa mwaka 2014.

Mtambo haukuwa na hitilafu, kwani ulifanya kila ulichoagizwa. Kilichokosekana ni mtu aliyeshika namba moja kichwani: katika maili 120 hivi kabla ya Minneapolis, lazima niwe ninashuka. Mwenye namba hiyo hutazama saa. Asiye nayo humwachia mtambo, na mtambo nao humngoja yeye.

Hesabu ya kufanya nyumbani

Faida ya urubani wa kuigiza iko hapo. Kuendesha ndege mbele ya kompyuta ya nyumbani hakumpi mtu leseni ya kubeba abiria, na hakuna anayepaswa kudhani hivyo. Lakini humpa mazoea ya kukisia kwanza kabla ya kuangalia jibu la mtambo. Wanaofundisha wenzao hushauri hivi: kabla ya kuruka, andika kwenye kipande cha karatasi mwelekeo wa safari, ukiamua kama ni witiri au shufwa. Andika mwinuko wa uwanja unakokwenda. Toa, zidisha kwa 3, ongeza 10, kisha rekebisha kwa upepo. Ndipo uitazame alama ya kompyuta. Namba mbili zikikaribiana, endelea. Zikitofautiana kwa maili 30, mmoja wenu amekosea, na ni bora kujua ni nani kabla ya kuanza kushuka.

Wakati wa kushuka, hesabu hurudiwa kila baada ya dakika chache. Ukiwa umebakisha maili 60, toa 10 za kupunguza mwendo na uzidishe 50 kwa 300: unapaswa kuwa futi 15,000 juu ya uwanja. Ukiwa chini ya hapo, punguza kasi ya kushuka. Ukiwa juu, vinua vile vibao sasa, si baadaye.

Kwa wakazi wa Plymouth, jaribio la mwisho halihitaji hata kompyuta. Upepo unapovuma kutoka kusini-mashariki, baadhi ya ndege zinazokwenda kutua hupita juu ya mji huo au jirani yake, zikiwa zimeshapunguza mwendo na kubakiwa na maili 12 hivi. Zidisha 12 kwa 300, na ndege inapaswa kuwa karibu futi 3,600 juu ya uwanja. Ongeza mwinuko wa uwanja, na kipimo cha rubani kinapaswa kusoma kama futi 4,400. Hapo injini husikika wazi na magurudumu yanakaribia kuteremshwa, na rubani aliyefanya uamuzi wake maili 100 nyuma hana tena haja ya kuharakisha chochote.